Chembe nyekundu kwenye slaidi: ripoti ya maabara inasema nini?

Ukipima FBP (kipimo cha picha kamili ya damu) Dar es Salaam, mashine hukupa namba. Daktari asiporidhika nazo huomba slaidi: tone la damu litandazwe kwenye kioo, lipakwe rangi na kutazamwa kwa hadubini. Majibu ndiyo yale yanayowatoa watu jasho: "normositiki normokromiki", "maikrositiki haipokromiki". Hakuna ugonjwa unaoitwa hivyo. Ni maelezo ya kilichoonekana: ukubwa, rangi na umbo la chembe nyekundu.

Chembe nzima ni ya duara, imebonyea katikati, upana wake mikromita 7 hadi 8. Weupe wa katikati huchukua kama theluthi moja. Yenye ukubwa huo ni normositiki. Yenye wekundu wake kamili, normokromiki.

Hapa ndipo wengi hupotea. Mtu ana hemoglobini 8, yaani damu pungufu, anaona "normo" mbili, anafurahi. Chembe zake ni nzima, sawa, lakini ni chache! Aliyetokwa damu nyingi ghafla, mwenye malaria au mgonjwa wa figo wa muda mrefu anaweza kupata majibu hayo hayo.

Maikrositiki ni chembe ndogo, haipokromiki zimepauka. Cha kwanza kushukiwa ni upungufu wa madini ya chuma: hedhi nzito, ujauzito, minyoo ya safura, vidonda vya tumbo vinavyovuja polepole. Mwanamume mtu mzima akipata majibu haya, kumpa vidonge vya chuma na kumruhusu aende hakutoshi. Itafutwe damu inapopotelea. Tena thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, nayo hutoa chembe ndogo, na hiyo haitibiwi kwa chuma.

Makrositiki, chembe kubwa, huelekeza kwenye uhaba wa foliki asidi au vitamini B12, pombe, ini, hata zidovudini, dawa ya VVU. Ndiyo maana daktari anauliza unameza nini.

Chembe zenye umbo la mundu ni dalili kubwa ya selimundu. Ila slaidi isiyo nazo haikuondolei shaka: aliyerithi jeni moja tu, kwa kawaida slaidi yake ni safi, na mtoto wa wiki chache huwa bado analindwa na hemoglobini aliyokuwa nayo tumboni mwa mama. Anayetaka uhakika apimwe aina ya hemoglobini.

Ikiandikwa polikromasia, kuna chembe changa zenye ubluu. Uboho unazitoa kwa haraka, mara nyingi kufidia damu iliyomwagika au kuvunjwa.

Slaidi nayo hudanganya. Kwa unyevu wa jiji hili, isipokaushwa upesi chembe huonekana zina matundu, na damu iliyokaa sana kwenye chupa hufanya chembe ziote miiba. Usione haya kuomba ipakwe upya.

Lakini ripoti ikitaja vipande vya chembe nyekundu huku chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) zimeshuka, mwone daktari siku hiyo hiyo, hata kama kliniki yako ni wiki ijayo.