Kuzuia vifo kwenye njia ya reli: maana ya dhana hii

Kuzuia vifo kwenye njia ya reli ni jumla ya hatua zinazochukuliwa ili mtu asigongwe na treni mahali ambapo hakupaswa kuwapo, iwe amefika hapo kwa kukatiza njia au kwa nia ya kujiua. Treni kupinduka au kugongana kwa treni mbili ni habari nyingine, yenye wataalamu wake na kanuni zake. Ajali za namna hiyo ndizo zinazotangazwa sana, ilhali katika nchi za Umoja wa Ulaya vifo vya kujiua peke yake huzidi nusu ya vifo vyote vya relini, na nchini Marekani sababu inayoongoza kwa vifo vya relini ni watu kuingia kwenye njia bila ruhusa. Makundi haya mawili huwekwa pamoja kwa sababu ya mahali, si kwa sababu ya nia: uzio mmoja, kamera moja na mfanyakazi mmoja wa stesheni vinaweza kuwaokoa watu wa aina zote mbili, ingawa kilichomleta kila mmoja wao hapo ni tofauti kabisa.

Kisheria, anayeingia kwenye hifadhi ya reli bila ruhusa huitwa mvamizi. Neno hili lina ukali unaopotosha. Reli ya zamani inayotoka Nairobi kwenda Kisumu inapita katikati ya Kibera, na kwa wakazi wake ndiyo njia iliyonyooka na isiyo na tope: watoto huifuata kwenda shule, mafundi hurukia taruma moja hadi jingine (vipande vya mbao au zege vilivyolazwa chini ya reli) wakielekea kazini, na wauzaji hutandaza viatu na mboga kando ya kokoto, kisha huzisogeza honi inapolia. Mama aliyebeba ndoo kichwani, ambaye kivuko halali kipo mbali na bomba la maji liko ng'ambo ya reli, hajavamia kitu. Amepiga hesabu ya hatua zake kama kila mtu anavyofanya. Ukimwekea bango la faini bila kumpa daraja, atalisoma na kuvuka. Ndiyo maana reli ya kisasa ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, ilijengwa ikiwa na uzio pamoja na vivuko vya watu na mifugo vinavyopita juu au chini ya njia. Mahali ambapo kivuko kimewekwa mbali na njia ya miguu iliyozoeleka, uzio pekee hauwezi kudumu.

Hatari yenyewe inatokana na hesabu ambayo macho hayaiwezi. Treni inayokwenda kilomita 160 kwa saa hukata takriban mita 44 kila sekunde, na hata dereva akifunga breki ya dharura papo hapo, itahitaji zaidi ya kilomita moja kusimama. Yaani anapomwona mtu kwa macho, mara nyingi muda wa kumwepuka umekwisha, na treni haina pa kukata kona. Mtu aliyesimama njiani huiona kama kitu kikubwa kinachokuja polepole, kwa kuwa ubongo hukosea kukadiria mwendo wa vitu vikubwa. Treni za umeme zimeongeza tatizo: hazina ngurumo ya injini ya dizeli ambayo wazee wetu waliisikia ikiwa bado mbali. Huko Mumbai, ambako maelfu ya watu walikuwa wakifa kila mwaka kwenye reli za mjini, watafiti wa tabia za watu walifanya jaribio katika stesheni ya Wadala mwaka 2010. Walipaka baadhi ya mataruma rangi ya manjano, ili mvukaji aone jinsi treni inavyoyameza moja baada ya jingine na hivyo atambue kasi yake. Vilevile waliwaomba madereva wapige honi fupi mbili zenye kimya katikati badala ya mlio mmoja mrefu, kwa sababu sikio huzoea mlio mrefu likaupuuza. Vifo vilipungua mahali hapo, bila mtu yeyote kuhubiriwa.

Kwa upande wa kujiua, kuna dhana moja inayokwamisha juhudi zote, nayo ni ile ya kusema kwamba aliyekusudia kufa atatafuta njia nyingine tu. Ushahidi unasema vingine. Mwaka 1978 mtafiti Richard Seiden alifuatilia watu 515 waliozuiwa wasijirushe kwenye daraja la Golden Gate huko Marekani, na akakuta kwamba takriban asilimia 94 kati yao walikuwa bado hai au wamekufa kifo cha kawaida. Dhiki kali inayomfikisha mtu hapo hupanda kama homa na kushuka, na anayevushwa salama katika saa hiyo mara nyingi hairudii. Hong Kong ilipofunga milango ya vioo kwenye kingo za majukwaa ya stesheni zake za chini ya ardhi, milango inayofunguka treni ikishasimama tu, vifo vya kujiua katika stesheni hizo vilipungua kwa zaidi ya nusu, wala havikuhamia kwenye stesheni ambazo hazikuwa na milango. Japani imejaribu pia taa za buluu mwishoni mwa majukwaa. Matokeo ya kwanza yalisifiwa sana, lakini watafiti wengine wakakumbusha kwamba taa haifanyi kazi kubwa mchana. Kwa maoni yangu, fedha ziende kwenye milango.

Milango hiyo ni ghali, na haiwezi kuwekwa kwenye kilomita mia kadhaa za nyika. Hapo anahitajika binadamu. Uingereza, tangu mwaka 2010, shirika la miundombinu ya reli la Network Rail limeshirikiana na Samaritans, shirika la kuwasikiliza watu walio katika dhiki, kuwafundisha wafanyakazi wa reli kumtambua mtu anayehitaji msaada na kumsogelea. Mwaka 2017 abiria nao waliingizwa katika kampeni iliyowaomba wamsemeshe tu mtu wanayemtilia shaka, hata kwa swali dogo la treni ijayo, kwa kuwa neno la kawaida huweza kukatiza wazo linalozunguka kichwani. Kwa Mswahili jambo hili halihitaji mafunzo marefu. "Habari za saa hizi, ndugu yangu? Unasubiri treni ya kwenda wapi?" ni salamu ambayo hakuna anayeishangaa, na anayejibu ameshavutwa hatua moja nyuma. Aliye katika hali hiyo nchini Kenya anaweza pia kuzungumza na Befrienders Kenya kwa namba 0722 178 177.

Sheria, kwa bahati mbaya, imewafanya wengi wanyamaze. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 217, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kinakiuka katiba. Anayeogopa polisi hamwambii hata muuguzi.

Vyombo vya habari navyo vina mkono wao. Katika miaka ya themanini, magazeti ya Vienna, Austria, yaliandika kwa mbwembwe juu ya kila aliyejiua kwenye reli ya chini ya ardhi, na idadi ikapanda. Mwaka 1987 wataalamu walitoa mwongozo wa uandishi, magazeti yakaacha vichwa vikubwa na maelezo ya namna tukio lilivyotendeka, na vifo hivyo vikashuka kwa zaidi ya asilimia 70. Wasomaji wetu wanakijua kichwa cha habari kinachotaja stesheni, mapenzi na barua iliyoachwa, chini yake ikiwekwa picha ya umati uliosimama kwenye kokoto. Dereva wa treni ile huisoma habari hiyo kesho yake, akiwa nyumbani kwa mapumziko aliyoamriwa, na honi aliyoipiga bila mafanikio bado inalia masikioni mwake.