Kumezwa na seli si kuingia ndani ya seli

Nimeonyeshwa tena mchoro ule ule: chembe nano ya lipidi (kifurushi kidogo mno cha mafuta kinachobeba dawa) inagusa utando wa seli, mafuta yanayeyukiana na mafuta, siRNA (kipande kifupi cha RNA kinachozima jeni) inamwagika ndani, jeni inanyamaza. Rangi zimepangwa vizuri. Ni uongo.

Chukua patisiran, dawa ya kwanza ya siRNA kuidhinishwa Marekani, mwaka 2018, kwa amiloidosisi ya kurithi ya transthairetini, ugonjwa ambao protini hiyo inajirundika mwilini. Ina lipidi nne: MC3, kolesteroli, DSPC (fosfolipidi) na ile yenye PEG (polima inayoifunika chembe kwa nje). Tatu za mwisho leo sizichambui. Ikishafika kwenye damu, PEG inabanduka, ApoE (protini ya damu inayobeba mafuta) inajipachika, na seli za ini zinaimeza nzima kupitia kipokezi cha LDL, zikidhani ni kolesteroli ya kawaida.

Imemezwa, sawa. Lakini mgeni aliyeketishwa barazani hajaingia chumbani! Chembe imo ndani ya endosomu, kifuko cha utando ambamo seli inaweka ilichomeza; siRNA bado imetengwa na sitoplazimu, ujiuji wa seli inakofanyia kazi, na safari inaelekea kwenye lisosomu, kunakosagwa kila kitu.

Kazi ya MC3 inaanzia hapa. Na tafadhali, msiiite tu "lipidi yenye chaji chanya", kana kwamba inazaliwa nayo. Lipidi zenye chaji ya kudumu tunazijua: zinang'ang'ania kila protini ya damu na zinatia seli sumu. pKa ya MC3, yaani pH ambapo nusu yake imedaka protoni na kupata chaji chanya, ni takribani 6.4. Kwenye damu, pH 7.4, karibu yote haina chaji. Endosomu ikianza kuwa na asidi, inadaka protoni, inashikana na lipidi hasi za utando wa endosomu, na utando unavurugika. Kemia yote ya hii dawa inaning'inia kwenye namba hiyo moja.

Utando unavurugikaje hasa? Vitabu vinachora mpangilio wa heksagoni (lipidi zikijipanga kama mirija badala ya utando bapa) bila aibu, ilhali ushahidi mwingi umetoka kwenye lipidi zilizochanganywa maabara, si kwenye seli hai. Vipimo vya mwaka 2013 vilionyesha siRNA inayotoroka ni asilimia 1 hadi 2 tu. Nyingine zote zinapotea.

Inatosha, kwa sababu siRNA moja ikishakaa kwenye RISC (mashine ya protini ndani ya seli) inakata mRNA nyingi, zile nakala za jeni ambazo seli inazisoma kutengeneza protini, moja baada ya nyingine. Wagonjwa wa patisiran walishusha transthairetini kwa takribani asilimia 80, kwa dripu moja kila wiki 3.

Kwa hiyo usiniletee picha ya seli zinazong'aa kwa siRNA iliyotiwa rangi ukasema lipidi yako mpya inafanya kazi. Mng'ao huo karibu wote ni endosomu. Nionyeshe protini iliyoshuka.