Wagombea Ubunge: Kiti Kikibana, Sheria Hailegezwi

Katika uchaguzi mdogo wa Mbeere Kaskazini, Novemba 27, 2025, mshindi alipata kura 15,802 na aliyemfuata 15,308. Tofauti ni kura 494 tu. Mbunge wa Kenya hahitaji nusu ya kura. Anayeongoza, hata kwa kura moja, ndiye anayetangazwa. Kwa hivyo, kadiri uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 unavyokaribia, timu za kampeni zinazokuja kwetu kwa mafunzo zinataka kujua jambo moja: wiki ya mwisho tuseme nini ili tuzipate hizo kura mia chache?

Semeni kazi ya mbunge. Kifungu cha 95 cha Katiba kinaitaja: kuwakilisha wananchi, kutunga sheria, kugawa fedha za taifa na kusimamia matumizi yake. Zahanati, chekechea na masoko ni majukumu ya kaunti, na Jedwali la Nne la Katiba limeeleza hivyo tangu 2010. Bado tunaona mabango ya wagombea ubunge yakiahidi zahanati kila wadi, na wananchi wakiyashangilia. Kwa kweli inachosha. Katika kinyang'anyiro kikali, wafuasi wako wamekwisha kuamua. Waliobaki ni wale wanaosikiliza pande zote na kulinganisha, na watu hao ndio wepesi wa kugundua ahadi isiyo kazi ya mbunge. Mwambie mpiga kura wa namna hiyo ni mswada gani utaupinga na kwa nini, ama ni kamati gani ya Bunge unayoitaka.

Wengi hujitetea kwamba siasa ni siasa. La. Kila mgombea hutia saini Kanuni za Maadili ya Uchaguzi. Akizikiuka, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka inaweza kumpa onyo rasmi, kumtoza faini, kumzuia kufanya mikutano au kutumia vyombo vya habari vya umma. Na Mahakama Kuu, Tume ikiiomba, inaweza kumwondoa kinyang'anyironi. Novemba hiyo hiyo wagombea wawili wa eneo bunge la Kasipul walitozwa faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja baada ya ghasia. Matamshi ya chuki za kikabila yana sheria yake, ya 2008: faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Hongo, chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, ni hadi shilingi milioni 2, miaka 6, au vyote viwili, na anayepokea ana kosa kama anayetoa.

Malalamiko yanayoongezeka sasa ni ya arafa. Mtu anapokea ujumbe unaomtaja kwa jina na wadi yake, naye hajawahi kumpa mgombea huyo nambari. Timu ikibanwa hukimbilia orodha: daftari la wageni langoni, rekodi za wakala wa pesa, majina ya chama cha akina mama. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka uwe na msingi halali wa kutumia taarifa hizo, na nambari iliyoandikwa ili mtu aruhusiwe kuingia jengoni haikutolewa kwa ajili ya kampeni. Faini ya kiutawala yaweza kufika shilingi milioni 5.

Mikutano ni kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na kampeni hukoma saa 48 kabla ya siku ya kupiga kura.

Mwananchi ukipokea ujumbe wa chuki, usiufute. Piga picha ya skrini inayoonyesha nambari ya mtumaji, tarehe na saa, kisha uiwasilishe kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Malalamiko ya kutumiwa data bila idhini huenda kwa Kamishna wa Data. Ya maadili ya kampeni, kwa maandishi, kwa afisa msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge lako. Na tafadhali, ujumbe wa chuki usiusambaze kwenye vikundi eti uwaonyeshe watu ubaya wake. Sheria ile ya 2008 ya chuki za kikabila inamgusa pia anayesambaza.