Kwa nini viungo vya mmoja hukaza asubuhi na vya mwingine huuma jioni?

Mtu akilalamika viungo, daktari mzoefu humuuliza vinakaza saa ngapi na kwa muda gani. Jibu humsaidia kutenganisha magonjwa mawili ambayo mitaani yote huitwa baridi yabisi: osteoathraitisi na athraitisi ya rumatoidi.

Osteoathraitisi huanzia kwenye gegedu, ile tishu yenye utelezi inayofunika ncha za mifupa. Gegedu ikilika, mifupa husuguana na kuota vinundu pembeni. Ndiyo maana maumivu huongezeka mtu akipanda ngazi, akichuchumaa au akisimama kutwa nzima, na jioni huzidi. Asubuhi huamka amekakamaa kidogo, lakini chini ya nusu saa goti limeshalegea. Huathiri zaidi magoti, nyonga, uti wa mgongo, shina la dole gumba na vifundo vya vidole vilivyo karibu na kucha. Umri, unene na majeraha ya zamani huchangia.

Athraitisi ya rumatoidi ni habari nyingine kabisa. Hapa kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando unaotengeneza ute wa viungo. Utando huvimba, kisha hutafuna gegedu na mfupa. Usiku kemikali za uvimbe kama interlukini-6 hupanda, huku kotisoli, homoni inayotuliza uvimbe, ikiwa chini hadi alfajiri ikaribie. Tena kiungo kilichotulia hujaa majimaji. Mgonjwa huamka vidole havikunjiki, kufunga kifungo cha shati ni shughuli, na hali hiyo huweza kudumu saa nzima au zaidi. Akianza kujongea, hupata nafuu.

Kotisoli hiyo ina historia yake. Mwaka 1948 daktari Philip Hench na wenzake huko Mayo Clinic, Marekani, walimpa mgonjwa wa rumatoidi homoni ya kotisoni, inayokaribiana sana na kotisoli, na mgonjwa akapata nafuu kubwa kwa siku chache. Tuzo ya Nobel ikafuata mwaka 1950. Madhara ya kuitumia muda mrefu yalionekana baadaye, na hadi leo ni kosa kujinunulia dawa za jamii hiyo dukani kila viungo vinapouma.

Rumatoidi kwa kawaida hushika mikono yote miwili, hasa vifundo vya mikono na vya vidole vilivyo karibu na kiganja. Huleta uchovu, hupunguza uzito, na huweza kufika machoni na mapafuni. Huwapata zaidi wanawake, hata vijana. Kwa hiyo kumwambia binti wa miaka 30 kwamba “huo ni uzee tu” ni kumpotezea muda, kwani viungo huweza kuharibika mapema sana.

Goti lililolika husaidiwa na mazoezi, kupunguza uzito, dawa za maumivu, na mwishowe pengine upasuaji. Rumatoidi huhitaji dawa za kuituliza kinga yenyewe, hasa methotreksati, ambayo hunywewa mara moja kwa wiki. Kuinywa kila siku kwa kukosea kunaweza kuua.