Kijivu kwenye ramani ya mabomba ya gesi

Nikipewa ramani inayoonyesha udhaifu wa mabomba ya gesi ya mji, siangalii kwanza sehemu nyekundu. Natafuta kijivu, rangi ninayoipa vipande ambavyo hatujui vimetengenezwa kwa kitu gani, viliungwaje wala vilifukiwa lini. Nisipoiona naingiwa na wasiwasi, maana mabomba ya zamani hayakosi vipande vya namna hiyo.

Kazi yetu ni kulaza tabaka juu ya tabaka. Chini inakaa ardhi: miteremko, kingo za mito, nyufa za miamba, udongo wa kujazia. Juu yake yanapita mabomba, kila kipande na umri wake, unene wake na maungio yake. Tetemeko moja likipita mtaani, bomba la plastiki aina ya poliethilini hunyumbuka, la chuma kikuukuu cha kusubu likakatika. Katika tetemeko la Kobe, Japani, mwaka 1995, mabomba ya chuma yaliyoungwa kwa skrubu yaliachia kwenye maungio. Ya poliethilini yalistahimili vizuri mno.

Mtikisiko peke yake bomba zuri huuvumilia. Adui mkubwa ni ardhi inayohama isirudi mahali pake, hasa mchanga ulioshiba maji, ambao ukitikiswa hulegea kama uji. Tetemeko la Loma Prieta la mwaka 1989 lilionyesha hivyo katika mtaa wa Marina, San Francisco, uliojengwa juu ya kifusi kilichojazwa ufukweni. Ndiyo maana tabaka ninalolipenda kuliko yote ni ramani kuukuu ya pwani. Ilaze juu ya mitaa ya leo, uone mstari wa maji ya zamani ukikatiza katikati ya nyumba za watu.

Lakini tabaka zote hizo hazina maana ikiwa kumbukumbu za bomba ni za uongo. Tarehe 9 Septemba 2010, bomba la inchi 30 lililolazwa mwaka 1956 lilipasuka San Bruno, California. Watu 8 walikufa, na gesi haikufungwa mpaka zilipopita dakika 95. Kwenye kumbukumbu bomba lile liliandikwa kuwa halina mshono, yaani mstari wa kuchomelea unaopita kwa urefu wake. Mshono ulikuwepo, tena haukuchomelewa ukapenya hadi ndani. Mchora ramani yeyote angelipaka rangi ya salama.

Kwa hiyo nakataa kabisa kujaza safu tupu kwa kunakili taarifa za kipande cha jirani, hata kama programu inaniruhusu kufanya hivyo kwa kubofya mara moja. Kipande cha kijivu kikipita kwenye udongo wa kujazia au karibu na shule, nakihesabu kuwa kibovu mpaka kithibitishwe.

Kuthibitisha ni kuchimba. Fundi anafukua shimo, anasugua bomba kwa brashi ya waya, anapima unene wa ukuta wake kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, kisha anapapasa kuzunguka akitafuta mshono. Akinipigia simu, nabadilisha rangi ya pale alipopaona tu. Pande zote mbili za shimo naacha kijivu. Bomba hubadilika ghafla: pale lilipopasuka San Bruno palikuwa na vipande vifupi, kama mita moja na ushee, vimeunganishwa kimoja baada ya kingine.