Igizo dhima la mashujaa ni nini, na mbona wote wanafanana na wa katuni?

Walimu walituzoesha igizo dhima darasani: wewe daktari, yule mgonjwa, haya anzeni. Igizo dhima la mashujaa ni lile lile, ila limeongezwa dadu, karatasi na msimamizi wa hadithi. Watu wanne au watano wanaketi mezani, kila mmoja na shujaa wake mwenye nguvu za ajabu. Msimamizi anasema, "Jengo la KICC jijini Nairobi linawaka moto ghorofa ya 20, na kuna watu wamenaswa." Unaeleza shujaa wako anafanya nini, unarusha dadu, nazo zinaamua kama umefaulu. Mavazi hayahitajiki; wanaojivika kama wahusika ni watu wa kosplei, na wana mambo yao.

Anayetazama kwa mara ya kwanza hukosi kumsikia: huyu si Batman? Mezani kuna shujaa bilionea wa Karen, yatima, anayewinda majambazi usiku vichochoroni River Road. Jina tu ndilo jipya. Mimi sioni aibu hapo, kwa sababu ufanano wa sura ni wa juujuu. Ule wa ndani umo kwenye kanuni.

Chukua Champions, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1981. Unapewa pointi za kununulia nguvu, na ukitaka nyingine unazipata kwa kukubali udhaifu. Tuseme shujaa wako ni konda wa matatu za Rongai anayeinua basi kwa mkono mmoja. Unataka apae pia, lakini pointi zimekwisha. Basi unaandika kwamba anamtunza nyanya yake huko Umoja, na nyanya hajui lolote kuhusu nguvu zake. Umeongezewa pointi, konda anapaa. Ila tangu hapo, kila mnapokutana kucheza, msimamizi anarusha dadu 3. Jumla ikiwa, tuseme, 11 au chini yake, nyanya ameingia taabani. Hakuna aliyekuambia umuige Spider-Man na shangazi yake May. Umefika huko kwa hesabu tu.

Mwaka 1984 kampuni ya TSR ilitoa mchezo wa mashujaa wenyewe wa Marvel, kampuni ya katuni yenye Spider-Man, ukiwa na akiba ya pointi iitwayo Karma. Ukitenda mema inapanda, na unaweza kuitumia kuokoa mrusho mbaya wa dadu. Shujaa akiua mtu, Karma yake yote inafutika. Kwa waliozoea michezo ya mapanga na mazimwi, ambako kuua ndiko kunakokupandisha ngazi, hilo lilikuwa pigo. Binafsi naona ni kanuni moja iliyofanya kazi ya kurasa mia za maelezo.

Kwenye kompyuta ufanano huo ulifika mahakamani. City of Heroes, mchezo wa mtandaoni, ulitoka 2004 ukimruhusu mchezaji kuunda shujaa kwa sura aitakayo, na watu, kama kawaida, wakaunda majitu ya kijani yenye misuli kama Hulk wa Marvel. Novemba mwaka huo huo Marvel ikawashtaki wenye mchezo. Mwaka 2005 jaji aliondoa baadhi ya picha zilizoletwa kama ushahidi, kwa kuwa mashujaa wa kuiga waliomo hawakuundwa na wachezaji bali na upande wa Marvel wenyewe. Kabla mwaka haujaisha, wakapatana nje ya mahakama.