Nywele za kisogoni hazivunwi mara mbili

Wiki hii nimeyasikia tena hapa Kampala, kutoka kwa mtu aliyepandikizwa nywele ng'ambo na asiridhike: "Daktari, nitolee nyingine kisogoni, zile za mwanzo si zimeshaota tena?" Hazijaota, wala hazitaota. Ndevu zikinyolewa hurudi kwa sababu mizizi imebaki ndani ya ngozi, lakini kipandikizi, yaani kishada kidogo cha nywele kinachohamishwa kutoka kisogoni kwenda penye upara, hutolewa na mzizi wake, na mahali pake hubaki kovu. Nilipomnyoa na kukitazama kisogo chake kwa lenzi, niliona madoa meupe, kila moja dogo kuliko kichwa cha kiberiti, yamesongamana upande wa kulia na kutawanyika upande wa kushoto. Aliyezitoa alikuwa na haraka.

Kwa hiyo swali la kwanza la upasuaji wa pili si vipandikizi vingapi vinahitajika mbele, bali ni vingapi vimesalia nyuma. Kichwa kinaweza kupoteza karibu nusu ya nywele za sehemu fulani kabla jicho halijagundua, na mara nyingi mpasuaji wa kwanza ameshaimaliza nafasi hiyo. Kwa nywele zetu za kipilipili hesabu huwa ngumu zaidi, kwa kuwa mzizi umejipinda chini ya ngozi kama unywele ulivyojipinda juu yake. Anayezamisha kisu cha duara cha kutolea vipandikizi kana kwamba unywele umenyooka huukata mzizi katikati, na hapo hasara ni ya kisogo na ya paji kwa pamoja. Heri yetu ni kwamba nywele zilizojisokota hufunika ngozi vizuri, hivyo vipandikizi vichache vilivyopangwa vyema hutosha.

Kuhusu kusubiri kabla ya upasuaji wa pili, ni miezi 12 walau. Nywele zilizopandikizwa hupukutika wiki za mwanzo na huanza kuota mwezi wa tatu au wa nne. Anayelalamika mwezi wa tano bado hana la kurekebishwa.

Mashada ya nywele tatu au nne yaliyopandwa kwenye mstari wa mbele kabisa, yakaonekana kama brashi, hayafichwi kila mara kwa kuongeza mengine. Mara nyingi huyachomoa, nikayagawa na kuyarudisha nyuma, kisha mbele nikaweka unywele mmoja mmoja. Na kwa mwanamke ambaye utosi wake unaliwa na ugonjwa wa makovu, sigusi kitu kabla kipande cha ngozi hakijapimwa maabara, kwa sababu ugonjwa ulioua vipandikizi vya kwanza utaua na vya pili.

Ndani ya kovu hata mimi nina mashaka. Nimeweka vipandikizi siku moja, kwa mkono huu huu, vikaota upande mmoja na kufa upande mwingine, nami nikakosa sababu ya kumweleza mgonjwa. Siku hizi hujaribu vichache kwanza.

Yule bwana alitaka mbele na utosi. Akiba yake ya nywele za kisogoni ilitosha mbele tu, na alinyamaza muda mrefu kabla ya kukubali.